Ukurasa Wenye Jina Lake

Tulimzika Madam Restituta siku ya mvua, huko juu ya mji wa Karatu, na baada ya maziko nikakaa chini ya turubai na sahani ya pilau mapajani, katikati ya vijana waliovaa fulana za kampuni yake ya kutembeza wageni. Mmoja wao aliniuliza kama ni kweli mimi ndiye niliyeitengeneza Ndani. Ndani ndivyo wanavyouita mtandao wa kampuni, ule usioonekana na mtu wa nje, ambamo wanatunza njia za miguu, ratiba za magari, mapishi ya kambini, taratibu za dharura na mengine yote ambayo mfanyakazi anahitaji kuyajua. Nilimwambia sikuitengeneza peke yangu. Akasema yeye alidhani imekuwapo siku zote, kama barabara. Nilicheka pamoja nao, lakini mimi naukumbuka mwaka ambao hakuna mtu kambini aliyethubutu kuifungua. Upande wa pili wa turubai alikaa Lekishon, sasa ni mkuu wa waongoza wageni, ndevu zimeanza kuwa nyeupe. Alikuwa amemsikia kijana. Tulitazamana, yeye akarudi kwenye pilau yake na mimi kwenye yangu.

Niseme mapema kwamba mimi ni mwoga. Naogopa mbwa, radi, na simu inayoita kabla sijapiga mswaki. Mwaka ule nilikuwa nimetoka chuo Arusha na stashahada ya kompyuta, na Madam alinichukua kwa majaribio tu, kwa hiyo kila asubuhi nilipanda ngazi za ofisi yake kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi. Ofisi ilikuwa juu ya duka la pembejeo. Ilinuka mbolea na kahawa, na vumbi jekundu la barabarani liliingia hata madirisha yakifungwa, nikawa nafuta kibodi kwa kitambaa mara mbili kwa siku. Madam alizungumza na watu akiwa amesimama. Siku ya kwanza alinionyesha ramani ukutani akasema, "Leo nina kambi moja kule Nainokanoka na shamba la mboga Mang'ola. Kesho nataka Loliondo, keshokutwa Natron. Unijengee mtandao wa ndani, lakini usinijengee chumba kimoja halafu kila tukiongeza kambi tunabomoa ukuta. Panga kitu ambacho kitakua. Umeelewa, binti?" Nilisema nimeelewa. Sikuwa nimeelewa chochote, ila nilijua kwamba nikikosea nitarudi nyumbani na begi langu, na pale nyumbani walishatangaza kwa majirani kwamba Paskalina amepata kazi ya ofisini.

Chuoni tulifundishwa kwamba kabla hujapanga mtandao, uwaulize watu watakaoutumia wanavitafuta vitu wapi. Kwa hiyo nilikata karatasi za manila vipande vidogo, nikaandika kwenye kila kipande jambo moja la kazi, "njia ya Olmoti," "dawa za wageni," "chakula cha wasiokula nyama," nikapanda gari la mboga kwenda kambini. Kambi ilikuwa mahema machache na banda moja la mbao, ambalo lilikuwa jiko, bwalo na chumba cha redio kwa pamoja. Baridi ya kule inaingia mpaka kwenye meno. Nilitandaza karatasi zangu mezani, nikawaomba wafanyakazi wazipange mafungu kama wanavyoona wao. Walizipanga haraka sana, bila kubishana, na nilipotazama niliona kwamba hawakufuata idara wala aina ya kazi. Walipanga kwa watu. Fungu hili la Mama Safina mpishi, lile la Lekishon wa redio, na fungu kubwa kuliko yote lilikuwa la mtu mmoja, mkuu wa njia za miguu. Jina lake sitaliandika humu, na msomaji ataona sababu. Sisi tulimwita Mkuu, na humu nitamwita hivyo hivyo.

Jioni ile nilikuwa nje ya jiko, nakoka mkaa wa kuchemshia maji ya kuosha miguu, nikamsikia Mama Safina akiongea na wenzake huku anakoroga loshoro, makande ya maziwa mgando. "Huyu binti katumwa," alisema. "Leo anaandika supu yangu inavyopikwa, kesho kompyuta inajua supu, keshokutwa anakuja mtoto wa mshahara mdogo anasoma kwenye kompyuta. Sisi tukishasema yote tunabaki na nini?" Mtu mwingine akasema afadhali kumdanganya, kumpa njia za uongo na mapishi ya uongo. Nilikaa pale na kipande cha mkaa mkononi. Sikuwa nimefikiria kabisa kwamba mtu anaweza kuniogopa mimi. Niliposikia kicheko cha Mkuu mle ndani, nilidhani naye anakubaliana nao.

Asubuhi alikuja kunitafuta. Alikuwa mrefu, shuka lake la buluu, viatu vya matairi, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu begani badala ya usoni. "Takwenya," alinisalimu. "Iko," nikaitikia. Akaketi. "Mimi nitakupa njia zangu zote. Lakini uweke jina langu juu. Kubwa. Mtu akifungua aone ni zangu, asiseme nimeokota." Nikamuuliza kama wengine nao watakubali hivyo. Akasema, "Wawekee wote majina. Mtu akiona jina lake mule, hataogopa kufukuzwa. Nani atafukuza jina?" Nilifurahi sana. Hofu yao na hofu yangu zilipata dawa moja. Nikapanga mtandao mzima kwa majina ya watu, kila mmoja na ukurasa wake, na ndani ya ukurasa yale anayoyajua. Mama Safina alilainika, akaniambia mpaka siri ya ndimu kwenye supu ya maboga.

Madam hakuupenda mpango ule. Alitaka idara: Magari, Jiko, Njia, Shamba. Nilimwambia kwamba watu hawaulizi "idara ya njia iko wapi," wanauliza "Mkuu yuko wapi," na mtandao usioendana na maswali ya watu hautatumika. Akauliza, "Na mtu akiacha kazi?" Nikajibu kwamba tutahamisha ukurasa kwa atakayepokea. "Haya," alisema. "Jaribu. Lakini majaribio yako yakiisha nitaangalia kama unatumika. Usipotumika, wewe na huo mtandao mtatoka pamoja." Mimi nilisikia hilo la mwisho tu.

Mwezi ule Mkuu alikuwa ananisimulia, nami naandika. Tulikaa bwaloni, yeye na kikombe cha maziwa, mimi na kompyuta ya kambi inayotumia umeme wa jua. Hakukubali nibadilishe neno. "Shika mkono wa fimbo," alisema, nami nikauliza kama ni wa kulia au wa kushoto, naye akaonekana kunihurumia. "Kwetu fimbo ni mkono wa kulia. Andika kulia basi, kwa ajili ya watu wa Karatu." Njia yake haikuwa ya ramani. Ilikuwa ya vitu vinavyosikika na kunusika, mahali harufu ya mkojo wa nyati inapoanza, mahali ambapo maji ya mto Munge yanasikika upande mmoja tu. Kuhusu nyanda za kurudia kutoka kreta ya Embakaai alisema, "Ukungu ukikukamata hapa usitafute njia kwa macho. Simama. Sikiliza kengele. Alasiri ng'ombe wa kijiji cha Bulati wanarudi nyumbani. Kengele nyepesi ni za ndama, ziache, hizo zinazunguka. Ifuate kengele nzito, itakufikisha barabarani." Niliandika yote. Nilikuwa nimeanza kuyapenda maneno yake, na kambi sikuiogopa tena sana.

Kisha akafa. Alikuwa anakwenda nyumbani kwake mapumzikoni, peke yake, asubuhi ya ukungu, na kwenye korongo lililo kati ya kambi na boma lake nyati alimkuta. Habari ilitufikia Karatu kwa redio, kwa sauti ya Lekishon, naye hakutaja jina. Alisema, "Yule mkubwa wetu hayupo." Madam akauliza nani, akauliza tena, na Lekishon akarudia maneno yale yale mpaka tukaelewa. Kwetu Wairaqw marehemu tunamtaja, tunamtolea misa kwa jina lake, tunamwandika msalabani. Kwa Wamasai wa kambi ile haikuwa hivyo. Mtu akishaondoka, jina lake halitamkwi tena, hasa na watu wa rika lake. Mtoto aliyepewa jina kama hilo huitwa kwa jina lingine. Nami nilikuwa nimelikamata jina hilo nikaliweka juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa, kama alivyotaka mwenyewe, na chini yake nimeweka kila njia ambayo kampuni ile ilikuwa inaishi kwayo.

Hakuna aliyegombana na mimi. Hilo ndilo lililonitisha. Nilipanda kambini wiki chache baadaye nikakuta kompyuta imefunikwa kanga ya jikoni, mtu amefunika kama tunavyofunika kioo penye msiba. Kwa sababu ukurasa wake ulikuwa mkubwa kuliko mingine, jina lake lilijitokeza kila mtu alipofungua ukurasa wa mwanzo, hata aliyetaka supu ya maboga. Basi waliacha kufungua kabisa. Nilimwomba Lekishon aniambie nifanye nini, akaangalia nje. Yeye alikuwa mtu wa Kakesio, kule kukavu, rika moja na marehemu, na njia za huku juu hakuzijua. Kazi yake ilikuwa redio na stoo. Ningeweza kufuta jina kwa dakika moja. Lakini yule mtu alinipa njia zake kwa sharti la jina, na niliogopa kumvunjia sharti mtu aliyekufa kuliko nilivyomwogopa Madam. Nikirudi Karatu nilikuwa nalala na taa inawaka. Majaribio yangu yalikuwa yanakaribia mwisho.

Siku moja, alasiri, kulikuwa na mvua ndogo mjini, na juu kule ukungu umeshuka mapema. Meliyo, mwongoza wageni mpya, alikuwa anawarudisha wageni wawili kutoka Embakaai pamoja na punda na askari wa hifadhi aliyehamia majuzi. Redio yake ndogo ilifika kambini tu, na ya kambini ndiyo ilifika kwetu. Lekishon akaita. "Ofisi, ofisi. Meliyo anasema yule mama mgeni kifua kimembana. Ana pumu, dawa ya kuvuta imeisha. Hawezi kurudi alikotoka. Meliyo haoni kitu, hata punda haoni. Gari linaweza kwenda barabara ya Bulati, lakini yeye ateremkie wapi?" Sote ofisini tulijua jibu liko wapi. Liko kwenye kompyuta iliyofunikwa kanga, hatua chache kutoka alipokaa.

Madam alininyang'anya kipaza sauti. "Fungua ukurasa wa," akasema, akalitaja jina. Akalitaja tena kwa sauti kubwa zaidi, kisha mara ya tatu, kwa hasira ya mtu anayeona mgeni wake anakufa. Redio ilitoa mkwaruzo, halafu hakukuwa na mkwaruzo wala chochote. Dereva mmoja aliyekuwa barabarani akaingilia kutoka kwenye gari lake, akasema polepole, "Madam, amezima." Nilimwona Madam Restituta, kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani, akikaa chini bila kujua amekaa. Mkono wake ulikuwa bado umeshika kipaza sauti.

Ndipo nilipokumbuka kwamba nina nakala ya kurasa zote kwenye kompyuta ya ofisini. Niliufungua ule wake. Nilimtoa Madam kipaza sauti mkononi, jambo ambalo siku nyingine nisingelifanya hata kwa kulipwa, nikaanza kuita, "Kambi, kambi, ni Paska." Hakuna. Niliendelea kuita nikiwaza kwamba kule juu yule mama anaishiwa pumzi na Meliyo anazungushwa na ukungu mpaka kwenye ukingo wa kreta, na kwamba yote haya yanatokea kwa sababu ya neno moja juu ya ukurasa. Mwishowe mkwaruzo ukarudi. Nilijua Lekishon yupo. Nikasema, "Kaka Lekishon, sitataja mtu. Nasoma mahali tu. Wewe mpe Meliyo." Nikasoma. "Nyanda za kurudia kutoka Embakaai. Ukungu ukikukamata hapa usitafute njia kwa macho. Simama. Sikiliza kengele." Sauti yangu ilikuwa nyembamba, ya mtoto anayesoma somo kanisani. Nilipofika kwenye kengele nzito na nyepesi nilisimama kuvuta pumzi, na Lekishon akasema, "Endelea." Sauti yake ilikuwa imebadilika. Alikuwa ameyatambua maneno. Mtu hawezi kukaa bwalo moja na mwenzake miaka yote asiyatambue maneno yake.

Akampa Meliyo kwa Kimasai, neno kwa neno, tukimsikia. Kisha tukangoja. Muuza pembejeo wa chini alipanda kuuliza kwa nini tumenyamaza, Madam akamwonyesha kiti, naye akangoja pamoja nasi bila kujua anangoja nini. Nilisali sala zote ninazozijua, nikaanza upya. Lekishon alitupasia habari vipande vipande: Meliyo amesimama, Meliyo anasikia kengele nyingi, Meliyo anasema zote ni nyepesi. Muda mrefu hakukuwa na kipande. Halafu, "Amesikia nzito." Halafu, baada ya muda ulionizeesha, "Wamekutana na mchungaji. Mama yuko juu ya punda. Wanaona taa za gari." Madam alikwenda dirishani akatupa mgongo.

Lekishon alishuka Karatu siku chache baadaye na gari la mboga. Hakuwa na desturi ya kuja ofisini. Madam alimwagizia chai na chapati, akamwomba radhi kwa kulitamka, akiwa amesimama kama kawaida lakini ameinamisha kichwa, na Lekishon akapokea radhi kwa kunyanyua kikombe. Nilitandaza tena vile vipande vya manila mezani. Nikamwambia kwamba nafikiri kupanga upya: yasiwe majina ya watu wala idara za Madam, yawe mahali. Mtu aanze na pale alipo, penye ukungu, penye jiko, penye gari lililokwama, akute yote yanayohusu mahali pale, yawe yamesemwa na yeyote. Kambi mpya ikija Loliondo, ni mahali papya tu, ukuta haubomolewi. "Lakini nilimwahidi jina," nikasema. "Na Mama Safina nilimwahidi, na wengine wote. Waliniambia mambo yao kwa sababu ya jina."

Lekishon alitafuna chapati mpaka ikaisha. "Yeye alitaka jina kwa sababu aliogopa kufukuzwa," alisema. "Sasa nani atamfukuza? Toa jina. Maneno usiguse." Kisha akamgeukia Madam. "Wale walio hai, hao wewe ndiye useme nao." Madam aliondoka siku ile ile kwenda kambini, akasimama jikoni mbele ya Mama Safina na wote, akasema hakuna atakayepoteza kazi kwa kile alichokitoa. Alikuwa mgumu kutoa ahadi, na zile alizotoa alizitimiza. Siku ile ya maziko nilimwona Mama Safina, bado anawafokea wapishi wake. Na mimi hakunitoa. Alisema tu, "Endelea," nikaendelea miaka yote niliyokaa pale.

Niliyahamisha mambo kutoka kurasa za watu kwenda kurasa za mahali, na maneno ya Mkuu niliyaacha kama alivyoyasema, hata mkono wa fimbo niliurudisha. Nilikuwa sijamaliza vizuri Lekishon aliponipigia simu kutoka kambini, mara ya kwanza kabisa. Kanga ilikuwa imeondolewa. Alitaka kuongeza kitu kwenye lile korongo la karibu na kambi, lakini kompyuta imekataa.

"Inasemaje?" nikamuuliza.

"Inataka jina la aliyeandika. Haikubali nikiacha wazi."

"Weka lako tu, kaka."

Nilisikia upepo wa kule juu kwenye simu, na mtu akiosha sufuria.

"Dada Paska," alisema, "langu nalo iko siku halitatamkwa."

Nilitafuta ile amri niliyoiweka mwenyewe, ya kumlazimisha kila mwandishi ajitaje, nikaifuta. Ilinichukua muda kwa sababu nilikuwa sioni vizuri. "Jaribu sasa," nikasema.

"Imekubali."

Baada ya kukata simu niliufungua ukurasa wa korongo. Chini ya maelezo ya marehemu kulikuwa na mstari mpya, wa kwanza kuongezwa na mtu mwingine zaidi yangu tangu mtandao ule uanze: *Hapa ukungu ukishuka usipite peke yako, hata kama unakwenda nyumbani. Piga redio. Nitakuja.*